Majina ya Sayari katika Kiswahili cha Shule: Uhakiki

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya hukutana na sayari mara mbili. Hukutana nazo kwanza katika somo la sayansi, ambalo katika madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza. Humo huelezwa kwamba sayari hulizunguka jua, kwamba mwezi hauna nuru yake wenyewe, na kwamba usiku na mchana hutokana na dunia kujizungusha katika mhimili wake. Hukutana nazo tena katika somo la Kiswahili, na humo sayari huwa ni fungu la msamiati, sambamba na majina ya makinda ya wanyama, vitawe na nomino za makundi. Somo la kwanza humpa mtoto maarifa. La pili humpa orodha ya kukariri.

Makala haya yanakusudia kuihakiki orodha hiyo. Itadaiwa hapa kwamba makosa yaliyomo ndani yake si ya bahati mbaya tu, bali yanaonyesha yanayoipata lugha inapotakiwa kuvitaja vitu bila ya kuruhusiwa kuvieleza.

Orodha na Makosa Yake

Orodha zinazofundishwa hutofautiana kidogo baina ya kitabu na kitabu. Mojawapo iliyoenea sana, kwa kufuata mpangilio wa kutoka kwenye jua, ni hii: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi na Utaridi. Kwa mtazamo wa kwanza ni orodha nzuri. Majina yana sauti ya Kiswahili, hayana mkopo wa dhahiri kutoka Kiingereza, na idadi yake ni tisa kama ilivyotakiwa na vitabu vya sayansi vya karne ya ishirini. Lakini yakichunguzwa moja moja, ni majina manne tu kati ya hayo tisa yaliyoko mahali pake: Zuhura, Dunia, Mirihi na Mshtarii.

Na tuanze na Zebaki. Katika Kiswahili zebaki ni madini ya majimaji yanayong'aa, ambayo hutiwa katika vipimajoto. Waingereza huyaita madini hayo na sayari iliyo karibu zaidi na jua kwa jina moja, Mercury. Waarabu, ambao majina yao ya sayari yaliingia pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya elimu ya falaki, hawakuvichanganya vitu hivyo viwili: madini waliyaita zi'baq, na sayari wakaiita Utaridi. Kwa hiyo aliyeandika Zebaki alilifungua kamusi la Kiingereza na Kiswahili, akalitafuta neno Mercury, akachukua tafsiri aliyoikuta. Angani hakutazama, wala hakuwauliza wanafalaki wa Lamu au Mombasa.

Baada ya Zebaki kukikalia kiti cha Utaridi, jina la Utaridi lilibaki bila kazi. Likapelekwa mwisho wa orodha, likapewa Pluto. Hapa pana kichekesho chenye uchungu ndani yake. Tarehe 24 Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, uliokutana mjini Prague, uliamua kwamba Pluto si sayari kamili bali ni sayari kibete. Vitabu vilivyorekebishwa baadaye viliiondoa Pluto, na pamoja nayo likaondolewa jina la Utaridi. Hivyo jina la kale na sahihi la sayari ya kwanza limefukuzwa kwa kosa la sayari ya tisa.

Kosa la Zohali ni kubwa zaidi. Zohali ni Saturn, sayari yenye pete. Katika orodha iliyotajwa, Saturn imeitwa Sarateni na jina la Zohali likasogezwa mbele likapewa Uranus. Neno Sarateni linakaribiana na Saturn kwa sauti tu. Kwa asili linafanana na Saratani, ambayo ni buruji ya Kaa, mojawapo ya buruji kumi na mbili za falaki, na ambayo leo wasomaji wengi huijua kuwa ni jina la ugonjwa. Kausi nayo, iliyopewa Neptune, ni buruji. Maana yake ni upinde. Buruji ni kundi la nyota zilizo mbali mno, na sayari ni gimba linalolizunguka jua hili hili letu. Kumwambia mtoto kwamba Kausi ni sayari ni sawa na kumwambia kwamba Bahari ya Hindi ni mashua.

Kipimo cha Historia

Upo ushahidi mwepesi ambao ungeyazuia makosa haya yote, nao hauhitaji darubini. Watu wa kale, wawe ni Wababeli, Wayunani, Waarabu au Waswahili, walizijua sayari tano tu mbali na dunia wanayoikanyaga, kwa kuwa ni tano tu walizozitambua kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranus huweza kuonekana kwa shida sana mahali penye giza kamili, lakini haikutambuliwa kuwa ni sayari mpaka William Herschel alipoiona kwa darubini nchini Uingereza mwaka 1781. Neptune iligunduliwa mwaka 1846, na Pluto mwaka 1930.

Kanuni inayotokana na tarehe hizi ni dhahiri. Jina lo lote la kale lililopewa Uranus, Neptune au Pluto limetolewa mahali pengine, kwani mabaharia na wanazuoni wa kale hawangeweza kukipa jina kitu wasichokijua. Mwalimu mwenye kanuni hii mkononi angeitilia shaka orodha nzima tangu siku ya kwanza. Kwamba orodha imekaririwa kwa miaka mingi, ikatahiniwa na kusahihishwa bila ya shaka hiyo kuzuka, ni jambo linalostahili kufikiriwa.

Hoja ya Mazoea

Yawezekana kujibiwa kwamba lugha ni mazoea. Maneno huhama maana, na vizazi vya wanafunzi vikiisha kuzoea Zebaki, basi Zebaki ndilo jina. Hoja hii ina uzito wake, wala haifai kudharauliwa. Tena majina ya Kiarabu nayo yalikuja na wageni. Kwa nini mkopo wa jana uwe na heshima kuliko mkopo wa leo?

Jibu ni kwamba pana makosa ya aina mbili. Zebaki ni kosa linaloweza kuvumilika: neno moja limebeba maana mbili, na muktadha unatosha kuzitenganisha. Lakini Zohali ni suala jingine. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba Zohali ni sayari ya saba akisoma maandishi mengine ya Kiswahili atakuta kwamba Zohali ni sayari ya sita, ina pete, na hulizunguka jua kwa muda wa miaka 29 na ushei. Yeye alijifunza kwamba Zohali huchukua miaka 84. Hapo neno halijahama maana. Limevunjika vipande viwili, kila kimoja mkononi mwa kundi lake la wasomaji. Lugha inayosifiwa kwa kuunganisha watu kutoka Lamu hadi Lubumbashi haiwezi kuridhika na hali hiyo.

Wala thamani ya majina ya kale haitokani na Uarabu wake. Inatokana na kutumika kwake. Yalikuwa ni majina ya vitu vilivyoonekana, vilivyotumiwa kuhesabia nyakati. Hata ikiwa sehemu ya matumizi hayo ilikuwa ni unajimu, yaani kubashiri mambo ya watu kwa nyota, jambo ambalo mtoto anapaswa kufundishwa kulitenga na sayansi, aliyeyatumia alijua ni nuru ipi angani anayoitaja.

Anga Inayoonekana

Hapa ndipo kasoro ya msingi inapojitokeza. Orodha ya shule haimwombi mtoto atoke nje. Hakuna swali la mtihani linalomtaka aseme Zuhura huonekana upande gani wa mbingu na wakati gani. Kwa sababu hiyo jina likikosewa hakuna cha kulisahihisha.

Na hali mtoto huyo amezungukwa na falaki katika lugha yake mwenyewe. Saa ya Kiswahili ni mfano wa kwanza. Saa moja ya asubuhi huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, na saa sita ya mchana jua huwa karibu na utosi. Hesabu hii hufaa kwa sababu nchi za Waswahili ziko karibu na ikweta, ambako mchana hauachi kuwa wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Ingepelekwa London, ambako mchana wa Desemba ni wa saa nane hivi, isingeweza kutumika. Somo zima la umbo la dunia na mwinamo wa mhimili wake limo katika saa ambayo mtoto huitaja kila siku.

Mfano wa pili ni mwezi mwandamo. Picha za vitabu vilivyochorwa Ulaya huuonyesha umesimama wima kama mundu. Mtoto wa Malindi au wa Kisumu akiutazama jioni huuona umelala chali, pembe zake zikielekea juu, mfano wa dau. Tofauti hiyo nayo husababishwa na mahali alipo mtazamaji juu ya mviringo wa dunia. Kitabu kinachonakili picha ya Ulaya kinamfundisha mtoto kutoyaamini macho yake.

Mfano wa tatu ni Kilimia, kishada cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila mwaka katika mwezi wa Mei jua hupita upande ule wa anga kilipo Kilimia, nacho hakionekani kwa wiki kadhaa, mpaka kizuke tena alfajiri upande wa mashariki. Methali hii ina utazamaji, ina utabiri, na utabiri wenyewe unaweza kupimwa na darasa lenye daftari na subira. Ni vigumu kupata mwanzo bora zaidi wa elimu ya nyota kwa mtoto wa miaka kumi.

Uhuru na Taifa

Kiswahili hakikuishia kwenye macho matupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako dunia hujizungusha kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bila ya gharama. Setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, mionzi ambayo haiwezi kufika ardhini kwa kuwa huzuiwa na angahewa. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe, Wamarekani walioiunda waliiita Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na hadi leo wataalamu duniani kote huviandika vingi kati ya hivyo kwa alama ya 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Hivyo herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili imo katika majina ya nyota yanayotumiwa na watu wasiojua neno jingine lo lote la lugha hii. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti nyingine yenye jina la Kiswahili, Taifa-1, mali ya Kenya yenyewe, ilirushwa kutoka California ili kupiga picha za ardhi.

Habari hizi haziwezi kupata nafasi katika somo ambalo ni orodha ya majina tisa. Zinahitaji sentensi, aya, sababu na matokeo. Kwa ufupi, zinahitaji Kiswahili kitumike kuelezea.

Hitimisho

Marekebisho ya majina si kazi ngumu. Majina matano ya kale yarudishwe mahali pake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranus na Neptune, ambazo hazikuwa na majina katika falaki ya kale, zibaki na majina yanayotumika ulimwenguni, kwa matamshi ya Kiswahili, bila ya kuibiwa buruji. Pluto iitwe Pluto na ielezwe kuwa ni sayari kibete. Zebaki, ikiwa itaachwa kwa ajili ya mazoea, itajwe kuwa ni jina la pili tu.

Marekebisho ya ufundishaji ndiyo magumu. Orodha sahihi ikikaririwa kama ilivyokaririwa ile yenye makosa, mtoto atapata alama zaidi wala hatapata maarifa zaidi. Inafaa somo la Kiswahili lipewe vifungu vya kusoma vinavyoieleza anga kama inavyoonekana kutoka Afrika Mashariki, na mazoezi yanayomtaka mwanafunzi atazame na kuandika alichokiona. Zohali huonekana kwa miezi mingi ya kila mwaka, bila ya darubini. Aliyeonyeshwa na mwalimu wake mara moja, akaambiwa jina lake, hatakubali tena kuambiwa kwamba jina hilo ni la sayari nyingine.