Mikarafuu 72 mbele ya Kadhi

Mtu akifariki Chake Chake, Pemba, akaacha shamba la mikarafuu, mke, mama mzazi, mtoto wa kiume na wa kike, kadhi haanzi kwa kugawa. Huanza kwa kuzuia mikono. Gharama za maziko zitoke kwanza, kisha madeni, na mahari ambayo marehemu hakuyamaliza ni deni kama madeni mengine. Wasia ukiwepo, usivuke theluthi ya kilichobaki. Hapo ndipo anaposhika kalamu.

Kwa kuwa kuna watoto, mjane ana thumni, yaani moja ya nane, na mama ana sudusi, yaani moja ya sita. Hesabu inasimama juu ya 24: mjane 3, mama 4, watoto 17, na wa kiume huchukua mara mbili ya dada yake. Lakini 17 haigawanyiki kwa 3. Kadhi havunji fungu la mtu. Huipandisha hesabu nzima mara tatu ikawa 72. Mjane 9, mama 12, kijana 34, binti 17. Hakikubaki kitu, wala hapana aliyepunjwa. Kila nikiifuata hatua hiyo nastaajabu jinsi ilivyo nyoofu.

Shamba, hata hivyo, si daftari. Hata miti ikiwa 72 kamili, mmoja ni mkongwe unaotoa pishi nyingi, wa pili mche usiozaa bado. Karafuu nazo hujaa mwaka huu, mwakani zikawa haba. Tena Pemba mti waweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule. Basi wanaitwa wazee wanaolijua shamba, mti mmoja mmoja ukathaminiwa, na siku zikapita. Subira hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko hesabu.

Elimu hii ya mirathi haisomwi kwa mwaka mmoja. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja 1912, alisomesha miaka mingi kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar 1960. Baadaye Kenya nayo ikamfanya Kadhi Mkuu wake.

Kazi ngumu zaidi huja familia inapofika imeshakubaliana: binti apewe fedha, miti ibaki kwa kaka. Sheria inaruhusu mrithi kutoka katika mirathi kwa sulhu, yaani kwa mapatano. Kadhi hodari haandiki bado. Humgeukia binti mwenyewe, akamtajia kwa sauti mafungu yake 17 na thamani yake sokoni, ndipo amuulize kama ameridhika.