Tufani Imepaa Hadi Nyota ya Altair

Jamani, nimekifunga kitabu sasa hivi na siwezi kungoja akili itulie ndipo niandike! Kinaitwa Forbidden Planet, kilichapishwa mwaka 1956, na kuanzia leo nitamsumbua kila rafiki yangu mpaka akisome. Filamu ya jina hilohilo, ya studio ya MGM, ndiyo yenye sifa: Leslie Nielsen akiwa kijana aliyekunja uso, miaka mingi kabla hajawa bingwa wa vichekesho, roboti Robby, na muziki wa Louis na Bebe Barron, uliotengenezwa wote kwa mitambo ya elektroniki, wa kwanza wa namna hiyo katika filamu ndefu. Riwaya iliyotoka pamoja nayo imebaki kivulini. Huo ni uonevu mtupu.

Kisa chenyewe hiki hapa. Chombo cha anga kinatumwa kwenye sayari ya Altair IV, inayozunguka nyota iliyo umbali wa takriban miaka 17 ya mwanga kutoka kwetu, kuwatafuta wasafiri wa chombo kiitwacho Bellerophon waliotoweka miaka 20 nyuma. Anapatikana mzee mmoja, Dakta Morbius, msomi mwenye kiburi cha wasomi, pamoja na binti yake Altaira, aliyezaliwa hukohuko na hajapata kuona mwanamume mwingine zaidi ya baba. Wana roboti mtiifu asiyechoka. Wana bustani na wanyama wapole. Na mzee hataki wageni: mmeniona, sina shida, ondokeni.

Aliyewahi kusoma Tufani, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya S. S. Mushi iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1969, nadhani ameshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni wao! Prospero na vitabu vyake vya uganga ndiye Morbius. Miranda ni Altaira. Ariel, yule roho mtumishi, kavishwa chuma na kuitwa Robby. Ferdinand, kijana anayetokea baharini na kuteka moyo wa binti, ni Adams, kamanda wa chombo. Hata walevi Stephano na Trinculo wamepata kiti: yupo mpishi wa chombo, na furaha yake yote ni kugundua kwamba roboti anaweza kumtengenezea wiski kwa magaloni. Lakini Caliban, yule mtumwa wa Prospero, yuko wapi? Hapo ndipo kitabu kinapokukamata shingo.

Kabla ya hapo, neno kuhusu mwandishi. Jina W. J. Stuart lililo kwenye jalada ni la kujificha. Aliyeandika ni Philip MacDonald, Mwingereza aliyejijengea jina kwa riwaya za upelelezi tangu The Rasp ya mwaka 1924, kisha akahamia Hollywood na kushiriki kuiandaa Rebecca ya Alfred Hitchcock. Mkono wa mpelelezi unaonekana kila ukurasa! Filamu inatuonyesha mambo kutoka nje. MacDonald anawapa wahusika kalamu kwa zamu: Ostrow, daktari wa chombo, anasimulia, Adams anasimulia, mpaka Morbius mwenyewe anasimulia. Kila mmoja anajua kipande tu cha ukweli, na wewe msomaji unabaki unaunganisha.

Na Ostrow! Huyu ndiye niliyempenda kuliko wote. Kuna mahali kinyama kidogo kinakufa, kimojawapo cha wale tumbili wanaocheza karibu na nyumba ya Morbius. Daktari, kwa udadisi wa kazi yake, anakipasua. Anachokikuta ndani hakikubaliki kwa elimu yoyote ya viumbe: kwa nje ni tumbili kamili, kwa ndani ni mwili ambao haungeweza kuishi hata siku moja. Basi kilikuwa kikirukaruka vipi jana? Nani alikitengeneza, na kwa nini alijali sura tu? Tukio hili halimo kwenye filamu, wala sielewi walioitazama tu wanalalaje bila kulijua. Kwa kisu kimoja cha daktari, bustani nzima ya Altaira inageuka kuwa kitu cha kutisha.

Sasa, asiyetaka kufichuliwa siri aruke aya mbili zinazofuata.

Katika tamthilia ya Shakespeare, Caliban ni mwana wa kisiwa. Anadai kisiwa ni chake kwa urithi wa mama, na kwamba Prospero alikuja akamfanya mtumwa. Ndiyo maana waandishi wa nchi zilizotawaliwa wamemng'ang'ania. Aimé Césaire wa Martinique aliiandika upya tamthilia hiyo mwaka 1969, Caliban akiwa mtumwa mweusi anayedai uhuru wake. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat ya mwaka 1967, alimchora ofisa wa kikoloni anayeota kuandika kitabu kuhusu Prospero barani Afrika. Soma riwaya hii ukiwa na macho hayo, utashangaa. Wenyeji wa Altair IV, wanaoitwa Krell, si watumwa wala washenzi wa kufundishwa. Walikuwa na elimu kubwa kiasi kwamba Morbius, pamoja na majivuno yake yote, ni mtoto wa chekechea katika maabara yao. Wakaangamia wote kwa usiku mmoja, zamani za kale, wakaacha chini ya ardhi mitambo ambayo filamu inaieleza kuwa na maili 20 kila upande. Mgeni ndiye anayeokota elimu ya mwenyeji!

Basi usiku unaingia, na kitu kisichoonekana kinaanza kuua watu wa chombo. Mwenyeji wa kumsingizia hayupo. Hakuna Caliban wa kufungwa mnyororo. Dubwana hilo linatoka ndani ya Morbius mwenyewe akiwa usingizini: hasira na wivu wa baba asiyetaka binti yake achukuliwe, vikipewa mwili na nguvu alizojifunza kwa Krell. Mwishoni mwa tamthilia ile Prospero anakiri mbele ya watu kwamba Caliban ni wake, na wasomi wamebishana miaka nenda rudi alikuwa na maana gani. Kitabu hiki kimelichukua ungamo hilo kama lilivyo na kulijengea hadithi nzima. Nilipolitambua hilo nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi kuketi.

Wapo watakaosema kumpeleka Shakespeare angani ni kumchezea. Hapana! Tamthilia hii, iliyochezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 1 Novemba 1611, iliandikwa wakati London ikizungumzia meli ya Sea Venture, iliyopata dhoruba mwaka 1609 na kukwama Bermuda. Kwa watazamaji wale, visiwa vya ng'ambo ya Atlantiki vilikuwa mbali na vya ajabu kama zilivyo sayari kwetu.

Kasoro zipo, na mashabiki wenzangu wasinune. Altaira anastahili zaidi ya alichopewa. Mtoto aliyelelewa na msomi na roboti angekuwa na maswali ya kuwatoa jasho mabaharia wote wale, lakini mwaka 1956 unamtaka zaidi awe mrembo wa kutazamwa. Chombo kizima ni wanaume watupu, na mizaha yao mingine imechacha. MacDonald pia anaeleza fumbo la Krell kwa sauti inayokaribia mahubiri, kana kwamba waliadhibiwa kwa kugusa uwezo wa Mungu wa kuumba. Mimi naona mitambo ya filamu inatisha zaidi kuliko adhabu ya mbinguni.

Lakini nani anajali, kitabu kinakimbia! Ushauri wangu: soma Tufani kwanza, kisha riwaya, filamu iwe ya mwisho. Ukiisha kunogewa, ujue kwamba hadithi hii ilirudi jukwaani kwa mlango wa nyuma: Bob Carlton aliigeuza kuwa mchezo wa muziki wa rock, Return to the Forbidden Planet, ukapata Tuzo ya Olivier jijini London.

Mimi narudi kwenye sura za Ostrow. Mpelelezi kama MacDonald lazima aliacha ushahidi mapema, na nina hakika kuna kitu kuhusu wale tumbili nimekipita bila kukiona.