Ndizi Isiyokuwemo

Harufu ilifika kabla ya bia yenyewe: maganda ya chungwa, giligilani, iliki kwa mbali. Rangi ilikuwa ya shaba, povu jepesi likafa upesi. Kopo lilijitangaza kuwa ni bia ya rai yenye viungo, iliyobuniwa kwa kufuata sahti, bia ya kale ya mashambani Finland. Niko Tampere kwa shahada ya uzamili, na rafiki yangu wa darasani, Mfini, aliinunua ili nionje fahari ya kwao.

Rai ni nafaka ndugu wa ngano, inayovumilia baridi na udongo hafifu. Ndiyo inayotoa mkate mweusi wa huku. Ndani ya bia huleta uzito wa uji na ukali mdogo wa pilipili manga. Huo ukali niliutafuta. Kila nilipoukaribia, chungwa lilidakia. Kufikia nusu ya glasi nilikuwa nimechoka, kama niliyekaa na mtu anayejibu maswali ambayo hajaulizwa.

Juma lililofuata rafiki yangu alirudi kutoka kwa wazazi wake na sahti yenyewe, kwenye chupa ya plastiki, imefungwa pamoja na barafu maana huharibika haraka. Nzito, ya mawingu, karibu haina gesi. Hutengenezwa kwa kimea cha shayiri na cha rai, kisha huchujwa kwenye hori la gogo liitwalo kuurna, lililotandikwa matawi ya juniperi, mti wa ukoo mmoja na mtarakwa wetu. Umoja wa Ulaya uliilinda rasmi mwaka 2002 kama bidhaa ya jadi.

Nilipoonja, nilisikia ndizi. Ndizi mbivu kabisa, ya kuanza madoa meusi. Rafiki yangu akacheka: hamna ndizi humo. Ni hamira ya mkate, inapochacha hutoa harufu hiyo.

Hapo ndipo nilipojua kilichonikera kwenye kopo. Katika sahti, juniperi ina kazi: inachuja, na ladha yake ya msituni ni alama ya kazi hiyo. Kwetu Kilimanjaro, gome la msesewe huingia kwenye mbege ili uchungu wake uushike utamu wa ndizi na ulezi usipitilize. Viungo vya lile kopo havikuwa na kazi. Vilipakwa juu, kama rangi kwenye ukuta ambao hakuna aliyeukagua. Walioibuni waliogopa kwamba rai peke yake haitatosha, nayo ilitosha.

Ila hukumu yangu ina ufa, na ni haki msomaji auone. Nimeipima bia ya watu kwa mbege, na mbege siijui vizuri. Nilikuwa mtoto, Bibi alinilambisha kutoka kwenye kata yake, kidogo tu, kisha akanifukuza nikacheze. Nakumbuka utamu. Uchungu wa msesewe nausimulia kama niliousikia kwa wakubwa. Bibi alifariki muhula wangu wa kwanza huku, nikafuatilia mazishi kwenye simu, picha ikikatikakatika.

Usiku ule nilimpigia Mama.

“Shikamoo Mama. Bibi alikuwa anaweka msesewe kiasi gani?”

“Marahaba. Hakuwa anapima, mwanangu. Alikuwa anaonja.”

“Na wewe?”

“Mimi nilikuwa nachota maji na kuchochea kuni. Kuonja ilikuwa kazi yake.”

“Sasa nani anapika hapo nyumbani?”

Akanyamaza kidogo. “Siku hizi tunanunua.”

Sahti ilibaki robo chupa. Niliimalizia polepole, nikiusaka uchungu chini ya ile ndizi isiyokuwemo. Ulikuwepo, mwembamba, wa majani ya mti. Haukuwa wa msesewe, lakini nimeuandika kwenye daftari ili safari hii nisisahau.