Nyumba Isiyo na Mlango: Brian Clemens na Tamthilia ya Kijasusi ya Televisheni

Mwandishi wa miswada ya televisheni hajapewa nafasi kubwa katika uhakiki. Jina lake hupita kwenye kioo kwa sekunde chache, kisha mtazamaji humkumbuka mwigizaji peke yake. Brian Clemens (1931–2015) ni miongoni mwa wachache nchini Uingereza walioiepuka hatima hiyo. Hata hivyo, sifa anazomiminiwa hujikita zaidi katika ucheshi na uzushi wa njozi zake, ilhali swali la kiitikadi linaloibuliwa na njozi hizo huachwa kando kana kwamba si la adabu kuliuliza.

Clemens, mzaliwa wa Croydon, aliifunza mikono yake kazi katika mazingira ya uhaba. Tamthilia yake ilionyeshwa na BBC mwaka 1955, kisha akawaandikia ndugu wawili Wamarekani, Edward na Harry Danziger, waliokuwa wakitengeneza filamu za gharama ndogo. Huko mwandishi hakuanza na kisa bali alianza na mandhari. Ikiwa jukwaa lililojengwa kwa ajili ya filamu ya watu wengine lilikuwa bado limesimama, alitakiwa kubuni mkasa utakaoenea humo, na kwa haraka. Wahakiki wanaoshikilia kwamba maudhui daima hutangulia fani wangefaidika kwa kuutafakari mfano huu. Clemens alitoka katika shule hiyo akijua jambo moja kuliko wenzake wengi: namna ya kuzalisha taharuki kutokana na kuta nne na mtu mmoja.

Ujuzi huo ndio uliomfikisha kwenye *Danger Man* mwaka 1960, na mwaka uliofuata kwenye *The Avengers*, mfululizo uliodumu hadi 1969 na kufikisha vipindi 161. Tangu mwaka 1965, akiwa mmoja wa wasimamizi wa utayarishaji, yeye ndiye aliyeupa mfululizo huo sura inayokumbukwa: jasusi mtanashati John Steed, mwandani wake Emma Peel, na Uingereza ya mashambani inayong'aa kama picha ya kalenda.

Kilele cha uandishi wake ni "The House That Jack Built" (1966). Bi. Peel anaambiwa kwamba amerithi nyumba. Anaingia, na nyumba inamfunga. Kila ujia unamrudisha alikotoka, na kila mlango unamfikisha chumba kile kile. Aliyeitega ni mtaalamu wa mitambo aliyefukuzwa kazi na Bi. Peel katika kampuni aliyoachiwa na babake. Mtaalamu huyo amekwisha kufa. Sauti yake tu, iliyorekodiwa, ndiyo inayozungumza. Kisa hiki kina nguvu kwa sababu msuko na mandhari ni kitu kimoja. Mhusika hapambani na adui bali na nia ya adui iliyogeuzwa kuwa jengo. Isitoshe, Clemens hamwiti Steed aje kumwokoa mwanamke huyu. Akili yake mwenyewe ndiyo inayoivunja nyumba.

Nyumba hiyo inarudi tena na tena. "Don't Look Behind You" ya mwaka 1963 iliandikwa upya naye na kuwa "The Joker" mwaka 1967: mwanamke yuleyule peke yake, ndani ya jengo lilelile la upweke. Iko pia katika mfululizo wa *Thriller* (1973–1976), ambao sehemu kubwa aliiandika mwenyewe. Anayetaka anaweza kuuita uradidi huu uvivu, lakini hukumu hiyo ingewaangukia pia fanani wote wanaosimulia ngano moja mara mia. Swali la maana ni nani anaruhusiwa kuingia katika nyumba hiyo.

Clemens alilijibu mwenyewe, bila kuona haya. Alieleza hadharani kwamba katika ulimwengu wa *The Avengers* kulikuwa na tabaka moja tu, lile la juu, na kwamba polisi, damu na watu weusi hawakuonyeshwa kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa njozi. Katika hoja hii, mtu mweusi anahesabiwa pamoja na damu: ni uhalisia unaochafua zulia. Njozi inayohitaji kumfuta mtu ili ipendeze haiwezi kudai kwamba haina siasa.

Zaidi ya hayo, kanuni hiyo haikutimizwa. Cathy Gale, mtangulizi wa Bi. Peel tangu 1962, hakubuniwa na Clemens, lakini Clemens alimwandikia visa kadhaa. Naye alipewa historia ya mjane wa mlowezi aliyeuawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kenya inatumika pale kama jeraha linaloeleza ukakamavu wa mwanamke wa Kiingereza, na haitakiwi kusema zaidi. Katika "Small Game for Big Hunters" (1966), mswada wa Philip Levene, kanali mstaafu anaishi Hertfordshire kana kwamba bado yuko katika koloni la Kalaya, huku washirika wake wakifuga mbung'o ili kulitwaa tena. Mwenye kumsaidia Steed ni ofisa wa Kalaya huru, Razafi, aliyeigizwa na Paul Danquah. Kipindi hiki kinawacheka wakoloni kwa ukali usiotarajiwa. Lakini mlango ulifunguliwa na Levene.

Clemens alipoufungua mwenyewe, mkono ulimtetemeka. Katika *The Professionals*, mfululizo alioubuni mwaka 1977, aliandika mswada wa "Klansmen" kutokana na kisa cha Simon Masters. Genge la wabaguzi linawatisha wapangaji weusi ili wahame. Bodie, shujaa wa mfululizo, anatamka matusi ya kibaguzi waziwazi. Anachomwa kisu, anatibiwa na daktari mweusi, na chuki yake inalegea kitandani. ITV haikukirusha kipindi hicho. Ujasiri wa kumpa shujaa kasoro hiyo ni wa kweli na haustahili kubezwa. Udhaifu uko katika tiba: ubaguzi unaponywa kama homa, kwa upole wa aliyetukanwa, na ndani ya dakika chache. Nao wapangaji, ambao sasa ndio waliozingirwa majumbani mwao, hawapewi hata sehemu ndogo ya ule muda wa hofu na fikra ambao Clemens alimpa Bi. Peel ndani ya nyumba ya Jack.