Vyakula vya Visiwani na Suala la Asili

Watu wanapovitaja vyakula vya Unguja na Pemba, aghalabu husifu pilau, biriani na harufu ya viungo, kisha wakanyamaza. Sifa hizo ni za haki, ila zina kasoro moja: zimemsahau aliyelima. Sisi tunaoandika haya tukiwa Nduguti, katika nchi ya Wanyiramba, mbali na bahari, twaona suala hili latuhusu.

Tuanze na lugha, maana lugha haimfichi mgeni. Pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Chapati yatoka Bara Hindi. Halua imeletwa na Waarabu, na huko Omani ingali tunu ya kumkirimu mgeni. Nanasi, na hata meza yenyewe, ni maneno ya Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kung'olewa Mombasa mwaka 1698. Muhogo, mahindi na pilipili ni mimea ya bara la Amerika, iliyovuka bahari baada ya njia za Wareno kufunguka. Ajabu ni kwamba muhogo huo leo huitwa chakula cha asili, ilhali wali huitwa wa kigeni, nao ulikuwa ukiliwa Pemba karne nyingi kabla ya Mreno!

Wachimbuzi wa mambo ya kale wametupa habari iliyo kubwa zaidi. Huko Tumbe, mji wa Pemba uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Mpunga ulikuwapo, lakini haba. Katika mji wa Chwaka uliofuata jirani yake (Chwaka ya Pemba, si ile ya Unguja), mpunga ndio uliotawala. Basi uwele huu, ambao wanafunzi wetu huona haya kuutaja wanapoulizwa kwao huliwa nini, uliwahi kuwa tegemeo la mji wa Waswahili. Tumewahi kumsikia mwalimu akiuita chakula cha ndege.

Ama karafuu, ambayo Visiwa vimepata jina kwayo, nayo ni mgeni. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vya Wafaransa, na Sultani Said bin Sultan akahimiza ipandwe kwa wingi. Waliopanda na kuchuma ni watumwa waliotolewa bara. Hao walipewa vijishamba na siku mbili za juma, aghalabu Alhamisi na Ijumaa, wajilimie riziki yao, nayo ilikuwa hasa muhogo. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, mashamba yaliendelea kutafuta mikono, na miongoni mwa vibarua waliovuka bahari walikuwamo Wanyamwezi, jirani zetu. Kwa hiyo shamba moja lilikuwa na majiko mawili: jiko la bwana lenye mchele na viungo, na jiko la mchumaji lenye muhogo. Mtu akituuliza ni chakula kipi kinachostahili kuitwa utenzi wa Visiwani, hatutamtajia biriani. Tutamtajia muhogo wa nazi kwa papa mkavu, kwa kuwa humo mumekutana bara, pwani na Amerika, na aliyewakutanisha ni mtu asiyekuwa na uchaguzi.

Mkoloni wa Kiingereza, aliyeifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, aliyakuta majiko hayo mawili na kuyapa daftari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikatika, na mgao wa chakula ukafuata asili ya mtu. Aliyehesabiwa Mwasia alitangulizwa kwa mchele. Aliyehesabiwa Mwafrika alielekezwa kwenye unga wa mahindi na muhogo. Hapo sahani ikawa cheti cha kabila. Vitabu vingi vya mapishi ya Visiwani vyaanza na pilau, vyaishia kwenye halua, na havina hata ukurasa mmoja juu ya mgao huo.

Huku kwetu nako mahindi yamekwisha kuusogeza uwele kando, na pilau imefika arusini. Hupikwa kwa karafuu ya dukani, na walaji wengi hawajui ilichumwa na nani. Wazee huila kwa adabu, kisha huuliza kama ugali wa uwele na mlenda umebaki jikoni.