Ubao wa Ijumaa

Alhamisi jioni, kengele ya mwisho ikishagongwa, wenzetu walitimua mbio kwenda nyumbani na wawili waliochaguliwa walibaki barazani mwa ofisi kushika uzi. Ulikuwa uzi wa katani, kama kila uzi wa Tanga miaka ile. Mwalimu aliuburuza kwenye kipande cha chaki mpaka ukawa mweupe wote, kisha mmoja akashika ncha upande wa kushoto wa ubao, mwingine upande wa kulia, tukauvuta ukakaza. Naye alisimama katikati, akauinua kwa vidole viwili, akauachia. Uzi uliupiga ubao mara moja na kuacha mstari mwembamba, umenyooka kuliko rula yoyote iliyokuwapo shuleni. Tunashuka upana wa vidole vinne, tunarudia. Tulikatazwa kucheka, maana anayecheka hutikisa uzi, na mstari uliotikisika alikuwa anaufuta kwa kitambaa kibichi na kutusubirisha mpaka pakauke.

Hivyo ndivyo wiki ya shule yetu ilivyokuwa inaanza kuandikwa.

Shule yenyewe ilikuwa ya kawaida, wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, miaka ya 1980 mwanzoni. Ubao ninaousema haukuwa wa darasani. Ulikuwa ukutani mwa ofisi kwa nje, umepigwa lipu ya saruji, unatazama njia. Na njia ile haikuwa ya wanafunzi peke yao: akina mama wa gulioni walipita hapo na matenga ya machungwa, wazee walipita wakienda msikitini na kanisani, vijana wakipeleka baiskeli kwa fundi. Kila muhula darasa la sita tulileta mkaa na majani mabichi, tukatwanga pamoja, tukaupaka ubao weusi upya. Mikono ilikaa myeusi mpaka Jumapili, na hakuna aliyelalamika.

Walimu walipeana zamu wiki kwa wiki kama ilivyo kila mahali, na kila mwalimu wa zamu aliandika kitabu chake: mahudhurio, waliochelewa, usafi wa mazingira, wagonjwa, wageni, matukio. Kitabu cha zamu ni kitu kikavu. Kimekusudiwa mkaguzi. Walimu wengi walikibeba hivyohivyo Ijumaa mstarini, wakasoma tarakimu zao, jua likatuchoma, tukatawanyika bila kukumbuka hata moja. Ila kwa mwalimu wetu wa uzi kitabu kilikuwa mali ghafi. Hata zamu ikiwa ya mwenzake, kitabu kililetwa kwake Alhamisi, naye hukaa nacho kwenye ngazi, penseli sikioni, anachagua.

Kwanza niseme habari ya chaki, maana hapo ndipo nilipoona ufundi kwa macho kabla sijajua kuwa ni ufundi. Chaki za shule zilikuwa laini, zinamomonyoka, na umande wa Muheza ungeweza kuufuta ubao wote kabla ya saa moja asubuhi. Yeye alizilowesha kwenye kikombe cha bati chenye maji na sukari kidogo. Alitumia sukari, katika miaka ambayo sukari ilikuwa ya foleni! Chaki iliyolowa hivyo huandika hafifu, unadhani haikushika, kisha inapokauka inang'aa na kung'ang'ania ukutani. Aliivunja katikati kabla ya kuanza ili isipige kelele. Alipoandika, aliizungusha taratibu kati ya vidole kila baada ya herufi chache, ncha isipate upande, na kwa hiyo neno la mwisho wa mstari lilikuwa na unene uleule wa neno la kwanza. Na hakunyoosha mkono kufuata mstari. Alitembea. Hatua ndogo ndogo za pembeni, kifua kikiutazama ubao, ndiyo maana mistari yake haikuzama mwishoni kama inavyozama ya mtu aliyesimama mahali pamoja.

Hayo yanaweza kufundishwa kwa juma moja. Lililobaki sijamwona mtu wa pili analiweza.

Lililobaki ni kujua kipi kiandikwe na kiandikwe vipi. Hakututangazia kanuni zake, lakini mtoto akisoma ubao miaka mitano huzijua. Jema liliandikwa kwa jina. Aliyeleta mche wa mwembe, aliyemsindikiza mwenzake zahanati, darasa la nne lililosomba maji ya kujaza tangi bila kuambiwa: majina yote, na la baba juu, limeandikwa sawasawa, kwa sababu alikuwa anakuja kukuuliza jina la babu yako linaandikwaje. Baya liliandikwa kwa idadi. Waliochelewa wiki hii ni kumi na wawili. Nani na nani, hapana. Kila mmoja kati ya hao kumi na wawili alijijua, na wapita njia hawakuwa na lao.

Ipo habari moja ambayo bado naizungumza na niliosoma nao tukikutana. Jembe la shule lilipotea, lile la mpini wa mwarobaini lililokuwa jepesi kuliko yote. Watoto tulimjua aliyelichukua, na nadhani mwalimu naye alimjua. Mstarini tulingoja fimbo. Ijumaa ubaoni ikaandikwa kwamba jembe letu moja halionekani, kwamba huenda limesahauliwa mahali, na kwamba atakayelikuta limeegemea popote aliegemeze kwenye mlango wa ofisi, hata kama ofisi imefungwa. Basi. Jumatatu lilikuwa limeegemea. Ijumaa iliyofuata, chini kabisa ya ubao, baada ya matokeo ya mpira na mavuno ya mihogo, yaliandikwa maneno mawili tu: jembe limerudi. Hapakuwa na shukrani, hapakuwa na onyo. Aliyelirudisha alimaliza darasa la saba pamoja nasi na leo ana watoto wake wanaosoma.

Msiba nao ulikuwa na adabu yake. Mwanafunzi au mzazi akifariki, habari nyingine zote za wiki ile zilifutwa, hata kama zilikwisha kuandikwa na chaki ya sukari, na ubao ukabaki na jambo moja: jina, kijiji, siku ya maziko, na darasa gani litakwenda na kuni, lipi na maji. Chaki ya rangi haikuguswa. Hakuna habari ya mihogo iliyokaa mstari mmoja na marehemu.

Mstarini alisoma pole pole, lakini sauti yake haikuwa kubwa, na hilo naamini alilikusudia. Wanafunzi wa nyuma walinyamaza ili wasikie. Tukitawanyika, wa darasa la pili na la tatu walikwenda ubaoni kutafuta majina ya kaka zao kwa kidole, bila kugusa. Wengi tulijifunzia kusoma hapo kuliko kwenye kitabu kimoja tulichoshirikiana watu wanne.

Na si watoto peke yao. Kampeni ya kufuta ujinga ilikuwa imepita kijijini kwetu, mama zetu na baba zetu wengi walikuwa wametoka kwenye kisomo cha watu wazima wanajua herufi, lakini hawana cha kusoma. Gazeti halikufika, vitabu vya kisomo vilikuwa vimeisha. Ubao wa shule ulikuwa bure. Namkumbuka mama mmoja, jirani yetu, anatua tenga lake, anasimama na kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, habari ya kuku wa shule waliokufa kwa mdondo. Alipomaliza alimgeukia mwalimu aliyekuwa mlangoni, akamwambia, "Pole mwalimu na kuku wako." Mwalimu akaitikia, "Ahsante mama, tumeshapoa." Kisha mama akajitwika tenga. Nadhani hakuwahi kabla ya siku hiyo kumpa mtu pole kwa jambo alilolisoma mwenyewe.

Watu wa Muheza tungepaswa kuyaona haya ya shule kuandika habari mapema kuliko wengine. Miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili ni Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 katika chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja. Habari za Mwezi lilitoka Magila, Muheza hiihii, kwa kutembea unafika. Kiongozi lilitoka shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga. Hata Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa la Idara ya Elimu. Kabla ya kuwa na wahariri wa mjini, habari kwa Kiswahili ziliandikwa na watu wa shule: walimu, wanafunzi, waliotoka huko. Mwalimu wangu hakuwa na mashine ya chapa, alikuwa na ukuta, ila kazi yake ilikuwa ileile na sidhani kama alijua yuko kwenye ukoo gani.

Tena alikuwa mwalimu wa UPE, ile Elimu ya Msingi kwa Wote. Wasomaji wa umri wangu wanajua neno hilo lilivyosemwa kwa kubetua midomo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote waingie shule, ilipofika 1977 madarasa yakafurika, na walimu wakatafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Walichekwa na wenye vyeti. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari pamoja na watu wenye shahada mbili, na sijakutana na aliyejua kama yeye ni wakati gani jina la mtu liandikwe na wakati gani liachwe.

Nisidhaniwe naipamba zamani. Fimbo zilikuwapo, tulikalia matofali, na wapo waliofukuzwa shule kwa mambo ambayo leo yangetushangaza. Nausifu ubao. Siwasifu watu wa wakati ule wote.

Ubao haukufa siku moja. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, ada ikafutwa na shule zikaanza kupokea ruzuku, zikatakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ili wazazi waone. Ni jambo jema, na wapo wazee waliosimama kuhesabu mifuko ya saruji iliyoandikwa na kuilinganisha na iliyoonekana. Lakini ubao ukawa wa karatasi. Karatasi hubandikwa na gundi, hunyeshewa, inayofuata hubandikwa juu yake, na hakuna anayeona haja ya kunyoosha mstari wakati mashine imeshanyoosha. Kisha zikaja simu za kupangusa, na karatasi nayo ikaonekana kazi.

Sasa nipo kwenye kundi la wazazi la shule anayosoma mjukuu wa dada yangu. Ujumbe wa wiki iliyopita uliandikwa wote kwa herufi kubwa, bila nukta wala mkato. Ndani yake kulikuwa na hela ya mtihani wa majaribio, mtoto wa darasa la pili aliyeanguka na kuvunjika mkono, kikao cha Jumamosi, na orodha ya wazazi ambao hawajalipa hela ya uji, majina kamili na namba za simu. Mtoto aliyevunjika mkono hakuwa na jina. Wanaodaiwa uji walikuwa nayo. Chini yake wengine waliitikia "sawa mwalimu", wengine "amina", na mmoja akatangaza vitenge vya jumla. Simlaumu sana aliyeandika. Ana watoto tisini darasani, ameandika usiku, kwa bando lake, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kuna namna nyingine. Namlaumu zaidi aliyepiga rangi ya maji ule ukuta wa nje wa shule yetu ili ofisi ionekane mpya. Fundi yule alianzia palepale penye ubao, na rangi ya kwanza haikushika, akarudia mara tatu.

Kundi lina haraka, hilo silikatai. Habari inafika Dodoma na Muscat kwa sekunde, na baba aliye safarini anajua shule inafungwa lini. Anayeishi hatua mia mbili kutoka shuleni ndiye asiyejua. Muhula uliopita, bibi mmoja anayelea wajukuu wawili aliwaogesha alfajiri, akawavalisha, akawafikisha getini, akakuta kufuli. Mapumziko yalikuwa yameanza siku mbili mapema. Alimwuliza mlinzi tangazo limeandikwa wapi. Mlinzi akamwambia liko kwenye kundi. Bibi akatoa kitochi chake kwenye upindo wa khanga, akampa amtafutie.