Ufagiaji wa Majedwali katika PostgreSQL Yenye Kazi Nyingi

Kanzidata ya PostgreSQL, iliyotokana na mradi ulioanza mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ina tabia moja inayoeleza sehemu kubwa ya uzito unaoipata inapozidiwa na kazi, nayo ni kwamba haifuti kitu papo hapo. Safumlalo, yaani mstari mmoja wa taarifa ndani ya jedwali, inapobadilishwa, nakala mpya huandikwa na ile ya zamani huachwa mahali pake, ili muamala ulioanza mapema, yaani mfululizo wa hatua zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote, uendelee kuziona taarifa kama zilivyokuwa. Utaratibu huo, ulioingizwa katika toleo la 6.5 mwaka 1999, huwawezesha wanaosoma na wanaoandika kufanya kazi bila kuzuiana, na unastahili heshima kubwa. Hata hivyo, gharama yake huahirishwa tu, na siku ya kuilipa haikosi kufika.

Gharama hiyo huonekana katika kurasa, vipande vya kilobaiti 8 ambamo taarifa huhifadhiwa. Jedwali la salio za wateja, ambalo safumlalo zake hubadilishwa mara nyingi kwa siku, huweza kujaa nakala zilizokufa hata swali linalotafuta safumlalo chache likalazimika kupitia kurasa nyingi zilizosheheni mabaki. Faharisi nazo, yaani orodha zilizopangwa zinazoonyesha mahali ilipo kila safumlalo, huvimba vivyo hivyo, kwa kuwa kwa kawaida nakala mpya huandikishwa katika kila faharisi ya jedwali. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, uandikishaji huo huepukwa iwapo taarifa iliyobadilishwa haimo katika faharisi yoyote na ukurasa uleule una nafasi. Kwa hiyo, kufuta faharisi isiyotumiwa na swali lolote, na kuzijaza kurasa asilimia 85 au 90 badala ya 100, ni matengenezo yanayopaswa kujaribiwa kabla ya fedha kutumika kununua seva kubwa zaidi.

Mabaki huondolewa kwa amri ya vakyumu, ambayo maana yake hapa ni ufagiaji, na mfagiaji wa kujiendesha huianzisha idadi ya nakala zilizokufa inapozidi 50 pamoja na asilimia 20 ya safumlalo zote. Kwa jedwali la safumlalo 1,000 kiwango hicho ni 250, nacho kinafaa. Kwa jedwali la safumlalo milioni 200, mfagiaji husubiri mabaki milioni 40 yarundikane, kisha huanza kazi ndefu inayogombania diski na wateja. Wasimamizi wengi, wakiona diski imeelemewa, humzima au humpunguzia kasi, na hapo ndipo kosa kubwa linapotendeka, kwa sababu uchafu uleule utafagiwa baadaye ukiwa umeongezeka. Njia sahihi ni kumwita mara kwa mara zaidi, kwa mfano kwa kushusha uwiano wa jedwali hilo hadi asilimia 1, na kumruhusu aende kwa kasi kubwa zaidi. Kuongeza idadi ya wafagiaji peke yake hakusaidii, maana bajeti ya kusoma na kuandika kwenye diski hugawanywa miongoni mwao wote, hivyo kila mmoja huenda polepole zaidi.

Ufagiaji wa kawaida huiacha nafasi iliyopatikana itumiwe tena na jedwali lenyewe, na ni nadra kuirudisha kwenye diski. Ule wa kina huliandika jedwali upya, lakini hulifunga kabisa kwa muda wote huo, hata kwa wanaosoma, na huhitaji nafasi ya nakala nzima ya pili; kwa mfumo wenye kazi usiku na mchana, hiyo ni tiba ya mwisho.

Kuna sababu nyingine ya kufagia, nayo ni nzito zaidi. Namba ya muamala ina biti 32, ambazo hutoa namba takriban bilioni 4, na kwa kuwa namba hizo huzunguka, miamala takriban bilioni 2 tu ndiyo huhesabiwa kuwa imepita. Safumlalo za kale zisipotiwa alama ya kudumu na mfagiaji kabla ya kikomo hicho, kanzidata hukataa kutoa namba mpya, na uandishi wote husimama ili taarifa zisipotee.

Hata mfagiaji aliyepangwa vizuri hushindwa mbele ya muamala mmoja uliosahaulika wazi, kwa kuwa haruhusiwi kuondoa nakala ambayo muamala huo bado unaweza kuihitaji, na zuio hilo huyagusa hata majedwali ambayo muamala wenyewe haujawahi kuyasoma. Toleo la 9.6 la mwaka 2016 lilileta kikomo cha muda kinachokatisha muamala uliokaa wazi bila kazi. Thamani yake ya awali ni 0, yaani haukatishwi muamala wowote mpaka msimamizi aiweke mwenyewe.